Sifa, Rangi na Udaktari: Uhakiki wa Sura ya 14 ya Ripoti ya Flexner

Katika nchi za kibepari hakuna neno linaloheshimiwa kama neno "sifa". Mtu akinyimwa kazi ataambiwa hana sifa. Mtoto wake akikosa nafasi chuoni ataambiwa wenzake wamemzidi sifa. Neno lenyewe ni la upole: halitukani mtu, halitaji rangi ya ngozi wala jina la ukoo. Kwa sababu hiyo limedumu kuliko lile bango la "Weupe tu", ambalo kila aliyelisoma alijua mara moja adui yake ni nani. Mchambuzi wa itikadi hapaswi kulipokea neno la namna hii kama lilivyo. Yampasa kwanza aulize kipimo kimewekwa na nani, kisha aulize ngazi ya kukifikia kipimo hicho imegharamiwa na nani.

Liko andiko moja linalofaa kwa uchambuzi huu. Ni ripoti juu ya elimu ya udaktari katika Marekani na Kanada, iliyoandikwa na Abraham Flexner na kutolewa mwaka 1910 na Taasisi ya Carnegie ya Kuendeleza Ufundishaji. Flexner mwenyewe hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Louisville katika jimbo la Kentucky, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Alipewa kazi ya kuzitembelea shule zote za udaktari za nchi hizo mbili, shule 155, na kusema kila moja inafaa au haifai. Ripoti yake ilijenga udaktari wa Marekani wa karne ya 20, na ndiyo maana tunapaswa kuisoma kwa makini badala ya kuisifu au kuilaani kwa kusikia.

Tuanze kwa kumpa haki yake. Nyingi ya shule alizozikuta zilikuwa maduka ya vyeti. Mwenye ada aliingia, alikaa akisikiliza mihadhara, akatoka daktari bila kushika darubini na pengine bila kumgusa mgonjwa. Waliokuwa wakifundisha waligawana ada kama wanahisa wanavyogawana faida. Flexner alitaka mwanafunzi aingie akiwa na elimu ya chuo, afanye kazi maabara, kisha afundishwe wodini mbele ya kitanda cha mgonjwa, kwa mfano wa chuo cha Johns Hopkins kule Baltimore. Hapa alikuwa sahihi, na hakuna mjamaa mwenye akili timamu atakayetetea biashara ile ya vyeti. Wako ndugu zetu ambao wakisikia kwamba kipimo fulani kimetumiwa na mabepari kubagua, hukimbilia kusema kwamba vipimo vyote ni ulaghai. Huo ni uvivu wa mawazo. Mgonjwa wa malaria hatibiwi kwa kaulimbiu, na wa kwanza kuumia kwa daktari asiyejua kazi ni mnyonge asiye na nauli ya kwenda kwa daktari mwingine.

Basi kosa la ripoti haliko katika kutaka sayansi. Liko katika sura ya 14, inayohusu elimu ya udaktari ya Watu Weusi. Katika kitabu cha kurasa zaidi ya 300, sura hiyo ina kurasa mbili. Flexner anaanza kwa kusema kwamba daktari Mweusi atawatibu watu wa rangi yake tu. Halisemi hilo kama dhuluma inayopasa kuondolewa. Analisema kama mtu anayeeleza tabia ya nchi. Kisha anatoa sababu ya kumfundisha daktari huyo: Watu Weusi milioni kumi wanaishi karibu na Weupe milioni sitini, na magonjwa kama safura na kifua kikuu hayakai upande mmoja wa barabara. Kwa hiyo afundishwe vizuri, lakini zaidi usafi na kinga kuliko upasuaji, na aende vijijini na mashambani kwa watu wake.

Msomaji mwadilifu atasema kwamba Flexner anataja pia haki ya Mtu Mweusi kama binadamu. Ni kweli, anaitaja, kisha anaipita haraka. Uzito wa hoja umewekwa penginepo. Elimu ya Mtu Mweusi inahesabiwa kwa faida inayompata jirani yake Mweupe, kama vile mwenye shamba anavyochanja ng'ombe wa jirani ili ugonjwa usivuke ua. Na pindi unapokubali kwamba kazi ya mtaalamu Mweusi ni kuwa boma la afya ya wengine, suala la wangapi wanatosha haliamuliwi tena na mahitaji ya watu wake. Linaamuliwa na upana wa boma.

Mwaka ule zilikuwapo shule saba za udaktari za Watu Weusi. Flexner alipendekeza mbili tu ziendelee: Howard ya Washington na Meharry ya Nashville. Zile tano, yaani Flint ya New Orleans, Leonard ya Raleigh, ile ya Knoxville, ile ya Louisville na ile ya West Tennessee mjini Memphis, alisema haziwezi kutoa mchango wa maana. Knoxville ilifungwa mwaka ule ule wa 1910, Flint mwaka 1911, Louisville 1912, Leonard 1918, na Memphis 1923.

Hapa watetezi wa ripoti husimama na kusema: mbona shule za Weupe nazo zilifungwa, tena nyingi zaidi? Kufikia mwaka 1935 shule zote za Marekani zilikuwa zimebaki 66. Iko wapi rangi hapo? Hoja hii inasikika vizuri mpaka ukimfuata mwanafunzi mwenyewe. Kijana Mweupe ambaye shule ya mji wake ilifungwa alipanda gari moshi akaenda mji wa pili, na huko alikuta shule iliyo bora zaidi. Kijana Mweusi wa Raleigh hakuwa na mji wa pili. Katika majimbo ya Kusini sheria na desturi zilimfungia vyuo vyote vya Weupe, na vyuo vya Kaskazini vilipokea Weusi wa kuhesabu kwa vidole. Kufunga shule upande mmoja kulikuwa kupogoa matawi. Upande wa pili kulikuwa kukata shina.

Isitoshe, kipimo kipya kilidai mwanafunzi awe amesoma miaka miwili ya chuo kabla ya kuingia udaktari. Katika majimbo yale yale ya Kusini shule za sekondari za serikali kwa watoto Weusi zilikuwa chache mno wakati huo, na mahali pengi hazikuwapo kabisa. Aliyeweka kipimo alijua hivyo. Na maabara zilizodaiwa zilihitaji fedha ambayo haingeweza kutoka katika ada za watoto wa wakulima wa kukodi ardhi. Zilihitaji ruzuku. Ruzuku ilikuwapo: Flexner mwenyewe baadaye alifanya kazi katika Bodi ya Elimu iliyoanzishwa kwa fedha za Rockefeller, akashiriki kuzigawa fedha nyingi kwa vyuo vya udaktari. Meharry na Howard zilipata fungu lao, na Meharry ikapanda hadi daraja la kwanza mwaka 1923, jambo linaloonyesha kwamba shule ya Weusi ikipewa nyenzo hufika. Lakini sehemu kubwa kabisa ya fedha ile ilikwenda kwa vyuo vya Weupe. Leonard ingeweza kuinuliwa kama Meharry ilivyoinuliwa. Haikuinuliwa, kwa sababu waliokuwa na fedha walishaamua kwamba mbili zinatosha.

Hasara yake imejaribiwa kukadiriwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani ulikisia kwamba shule zile tano, kama zingebaki na kukua, zingeweza kuwa zimetoa wahitimu wapatao 35,315 kufikia mwaka 2019. Ni makisio, si hesabu ya vichwa. Lakini hesabu ya vichwa ipo pia. Mwaka 1910 Weusi walikuwa kiasi cha asilimia 2.5 ya madaktari wa Marekani. Mwaka 2018, zaidi ya karne moja baadaye, walikuwa asilimia 5, katika nchi ambayo Weusi ni kama asilimia 13 ya watu wote. Na asidhani mtu kwamba hili ni suala la heshima tu. Katika utafiti uliofanywa Oakland, California, matokeo yake yakatolewa mwaka 2018, wanaume Weusi walikubali vipimo vya kinga kwa wingi zaidi walipokutana na daktari Mweusi kuliko walipokutana na daktari asiye Mweusi. Uhaba wa daktari unahesabiwa pia katika makaburi ya wale ambao hawakupimwa presha na sukari mapema.

Nadharia ya kibepari ya elimu husema: soma, upate cheti, mlango utafunguka. Tuifuate nadharia hiyo pamoja na wale wachache waliopita Howard na Meharry. Daktari hawezi kufanya kazi yake barabarani. Anahitaji hospitali ya kulaza wagonjwa wake. Ili akubaliwe hospitalini, mara nyingi alitakiwa kwanza awe mwanachama wa chama cha madaktari cha wilaya yake, na vyama vya Kusini havikupokea Weusi. Chama cha taifa kiliviacha viendelee, kikidai kwamba hayo ni mambo ya matawi. Ndiyo maana madaktari Weusi walikuwa wameshaunda chama chao wenyewe mjini Atlanta mwaka 1895. Chama kile cha taifa kiliomba radhi mwaka 2008. Miaka 113 ni muda mrefu wa kujadili ombi la uanachama.

Serikali nayo haikuwa mtazamaji. Sheria ya Hill-Burton ya mwaka 1946 ilitoa fedha za umma kujenga hospitali na ikaruhusu waziwazi huduma za kutengana kwa rangi, mradi tu zidaiwe kuwa sawa. Kwa hiyo mlipa kodi Mweusi alichangia kujenga wodi ambayo daktari wake hakuruhusiwa kukanyaga. Ilichukua kesi ya daktari wa meno wa Greensboro, George Simkins, na wenzake, waliyoshinda katika mahakama ya rufani mwaka 1963, kukivunja kifungu hicho. Kisha ikaja bima ya afya ya wazee, Medicare. Ilipoanza kazi mwaka 1966, hospitali iliyotaka fedha yake ililazimika kuacha ubaguzi, na mamia ya hospitali ambazo kwa miaka mingi zilisema jambo hilo haliwezekani zililitekeleza katika miezi michache. Somo la nadharia hapa ni kubwa. Cheti hakikuufungua mlango ule hata baada ya nusu karne. Ulifunguliwa na fedha ya umma iliyofungwa kwa sharti, baada ya watu kupigana mahakamani na mitaani.

Uzio huu ulivuka hata bahari. Hastings Kamuzu Banda wa Nyasaland alihitimu udaktari Meharry mwaka 1937. (Siasa zake za baadaye, pamoja na urafiki wake na makaburu, ni habari nyingine, hapa tunazungumzia cheti chake.) Shahada ile, ambayo Flexner mwenyewe aliiacha iishi, haikutosha kumpa kibali cha kutibu katika himaya ya Mwingereza. Ilimbidi aende Edinburgh kutafuta sifa nyingine, ambayo aliipata mwaka 1941. Na wale waliosomea udaktari Makerere wanaijua hali hiyo, kwani stashahada yao ilitambuliwa na Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza mwaka 1957 tu. Kabla ya hapo ilitosha kumtibu Mwafrika, na ndiyo mantiki ile ile ya sura ya 14.

Yawezekana msomaji akaona kwamba hadi hapa tumezungumzia kipimo ambacho angalau kilihusiana na kazi. Daktari lazima ajue sayansi, hilo halina ubishi. Lakini mara nyingi kipimo hakihusiani na kazi hata kidogo, na mfano wake bora hautoki chuoni bali kiwandani. Katika kituo cha umeme cha kampuni ya Duke Power huko Draper, North Carolina, wafanyakazi Weusi waliwekwa katika idara ya vibarua peke yake, ambamo mshahara wa juu kabisa ulikuwa chini ya mshahara wa chini kabisa wa idara nyingine. Mwaka 1955 kampuni ilianza kudai cheti cha sekondari kwa anayetaka idara nyingine. Tarehe 2 Julai 1965, siku ile ile sheria ya kukataza ubaguzi kazini ilipoanza kutumika, ikaongeza mitihani miwili ya akili na ufundi. Weupe walioajiriwa zamani bila cheti waliendelea na kazi zao na walizifanya vizuri, na hapo ndipo uongo ulipojulikana. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1960, wanaume Weupe wa jimbo hilo waliomaliza sekondari walikuwa asilimia 34, na Weusi asilimia 12. Kipimo hakikutaja rangi, lakini kilichagua rangi. Wafanyakazi 13 wakiongozwa na Willie Griggs walishitaki, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kauli moja kwamba mwajiri anayetumia kipimo chenye kuwatenga Weusi lazima athibitishe uhusiano wake na kazi. Mwezi Aprili 2025 Rais wa Marekani alitoa amri ya kupunguza utekelezaji wa kanuni hiyo iliyozaliwa na kesi ya Griggs. Katika kichwa cha amri hiyo limo neno lenye maana ya utawala wa wenye sifa.

Sasa tumuulize mtetezi wa sifa: ikiwa jamii ndogo imekifikia kipimo, tena imekipita, hufanyika nini? Jibu limo katika historia ya watu wa Flexner mwenyewe. Katika miaka ya 1920 Wayahudi walikuwa zaidi ya mmoja kati ya kila wanafunzi watano wa Harvard, na waliingia kwa kushinda mitihani. Rais wa chuo, Lowell, alipendekeza mwaka 1922 wawekewe mgawo. Mgawo wa wazi ulikataliwa, lakini mwaka 1926 chuo kikaanza kuchagua pia kwa "tabia" ya mwombaji, na idadi ya Wayahudi ikashuka. Vyuo vya udaktari, vile vile vilivyosafishwa na kutajirishwa kwa ripoti ya 1910, vikafuata njia hiyo katika miaka ya 1920 na 1930. Kwa Mweusi sifa ilikuwa cheti, kwa kuwa cheti hakuwa nacho. Kwa Myahudi, ambaye cheti alikuwa nacho, sifa ikawa tabia. Katika kesi ya Harvard iliyofunguliwa mwaka 2014, kumbukumbu za chuo zilionyesha kwamba waombaji wenye asili ya Asia walipewa alama za chini kuliko Weupe katika kipengele cha haiba. Hakimu wa kwanza, mwaka 2019, hakuona ubaguzi wa makusudi. Lakini alama zilikuwa pale pale.

Kesi hiyo ndiyo iliyoishia Mahakama ya Juu tarehe 29 Juni 2023, ambapo vyuo vilikatazwa kuitazama rangi katika kuchagua wanafunzi. Ilikamilisha kazi iliyoanzwa na kesi ya Bakke ya mwaka 1978, juu ya nafasi 16 kati ya 100 zilizotengwa kwa jamii ndogo katika chuo cha udaktari cha Davis, California. Malalamiko ya Waasia, ambayo yalikuwa na msingi, yaligeuzwa nyundo ya kumpiga Mweusi na Mlatino. Upendeleo wa kweli wa matajiri haukuguswa. Uchambuzi wa takwimu zilizotolewa katika kesi hiyo ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 43 ya Weupe waliokubaliwa Harvard walikuwa wanamichezo walioteuliwa, watoto wa waliosoma hapo, watoto wa walimu wa chuo, au waliowekwa katika orodha maalumu ya mkuu wa uchaguzi, ambamo wafadhili na jamaa zao huwamo. Hao hawakuulizwa sifa zao na mahakama yoyote.

Mahakama iliacha kitu kimoja kando. Katika tanbihi ilisema haitoi uamuzi juu ya vyuo vya kijeshi, kwa ajili ya masilahi maalumu ambayo huenda vyuo hivyo vinayo. Serikali ilikuwa imedai kwamba jeshi lenye askari wengi Weusi haliwezi kuongozwa na maofisa Weupe watupu bila hatari. Anayeikumbuka sura ya 14 ataitambua hoja hiyo: mtaalamu Mweusi ana nafasi pale anapokuwa boma la usalama wa wengine. Mwaka 2025 vyuo vya kijeshi navyo viliamriwa kuacha kuangalia rangi.

Umoja wa vyuo vya udaktari vya Marekani uliliondoa jina la Flexner katika tuzo yake mwaka 2020, kwa sababu ya yale aliyoyaandika juu ya Weusi na juu ya wanawake. Baadaye umoja huo huo ulitangaza takwimu za wanafunzi wapya wa udaktari wa mwaka 2024. Jumla yao ilikuwa imeongezeka kidogo, na Weusi walikuwa wamepungua kwa asilimia 11.6.